Misimbo ya programu zetu ipate nakala hapa hapa Mombasa

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe waandishi wa programu wa mji huu, pamoja na vyama vya akiba, shule na zahanati zinazowalipa, kwamba hazina ya msimbo (maandishi yanayounda programu) iliyoko GitHub au Bitbucket, huduma za mtandaoni za kutunza misimbo, imo katika mashine ya mtu mwingine, naye anaweza kuifunga atakapo. Google Code, huduma kama hizo, ilifungwa Januari 2016, na Bitbucket ikaziondoa hazina za Mercurial (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) mwaka 2020. Tena Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hata sisi tunaoishi pale zinapotua tulibaki tukitazama kurasa zisizofunguka.

Kinga yake, yaani nakala kwenye diski yako mwenyewe, si ghali. Skripti fupi ya sheli (amri zilizoandikwa ili kompyuta izitekeleze yenyewe) huiomba huduma orodha ya hazina zote za akaunti, kisha huzipitia moja baada ya nyingine: isiyokuwepo kwenye diski huinakili kwa amri ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) iitwayo git clone --mirror, na iliyopo huisasisha kwa git remote update. Ikipangwa katika cron, ratiba ya kazi za kompyuta, ifanye kazi saa nane za usiku, hapana haja ya mtu kuikumbuka.

Hata hivyo, wengi hunaswa mahali pamoja. GitHub haitoi orodha nzima kwa mkupuo, bali hazina 30 kwa kila ukurasa, na ukiomba zaidi haipiti 100. Skripti isiyogeuza kurasa humaliza kimya kimya bila kosa lolote kuonekana, na taasisi yenye hazina 47 ikalala ikiamini zote zimehifadhiwa. Basi skripti iendelee kuomba mpaka ukurasa urudi mtupu, na mwishoni ichapishe idadi ili ilinganishwe. Tokeni, yaani nywila ambayo skripti hutumia kuingia kwenye akaunti, nayo isiandikwe ndani yake, kwani skripti huazimwa kama sufuria ya jirani. (Ripoti za hitilafu na mijadala hazimo ndani ya Git, hivyo zinahitaji mpango wake.)

Taasisi nazo zisiwaachie mafundi jambo hili, maana mara nyingi akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi mwenyewe, na akigombana na mwajiri huondoka nayo. Mkataba uitaje nakala hii na useme diski ni ya nani. Na kabla ya malipo ya mwisho kutolewa, fundi aifungue mbele ya mteja, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

Msomaji,
Tudor, Mombasa