Nitafutie mpira, na Makame

Wesha, Jumapili baada ya Laasiri

Sahibu yangu Hamadi,

Assalaamu alaykum. Huku sote wazima, mama na magoti yake yale yale. Najua niliyenyamaza tangu Iddi ni mimi, usianze. Nina haja mbili nawe, moja ya dukani na moja ya aibu, na zote zimetoka kwenye ile pampu ya kutolea maji mashuani.

Bila shaka umeshasikia ilitaka kuzama. Watu wa Wesha hawaweki neno. Ilikuwa bamvua. Nilishuka pwani baada ya Alfajiri nikaiona imekalia tezi, yaani nyuma, kama kuku anayeatamia. Kuingia ndani, maji yamefunika mataruma, mbao za kukanyagia zinaelea, betri imekufa. Aliyelinda usiku ule ni Makame. Nikamuuliza pampu vipi, akanambia, "Imelia usiku kucha, kaka. Inanyamaza kidogo, inalia tena." Nikamwambia ingelia usiku kucha mashua ingekuwa kavu, wewe ulilala. Nikasema na mengine, tena mbele za watu. Hakujibu. Alichukua kikoi chake akaenda zake.

Tukafua maji kwa upo, ile kata ya kuchotea, na ndoo mpaka jua likatuchoma migongo. Mzee Kombo akapita, akasema upo hauna fyuzi. Ana raha sana siku hizi yule.

Basi nikaanza kutafuta. Kichujio kilizibwa na nyuzi za kalafati na magamba ya samaki. Maungio ya waya yalisokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, humo humo ngamani, chini tumboni mwa mashua, kwenye maji ya chumvi. Kuifungua tepu, shaba imekuwa kijani, kwengine nyeusi. Kwenye betri mpya mita ilisoma volti 12.7, kwenye pampu inayozunguka 10.4. Nikakata, nikaunga upya, juu, pakavu. Pampu nayo nikanunua mpya, maana hasira hazina hesabu.

Imeandikwa galoni 1,100 kwa saa. Kwa maandishi hayo ndoo ya lita 20 ingejaa kwa sekunde 17 hivi. Nilipopima, 50! Nikaitukana Uchina bure, kumbe waya nimezigeuza mwenyewe. Pampu za namna hii ukizigeuzia waya huzunguka kinyume na maji hutoa, ila kidogo, zikakuhadaa. Nilipozirudisha, sekunde 28. Sawa, maji yanapanda na mpira wa kutolea maji umejaa mikunjo, 17 waachie kiwanda.

Na bado kila mashua ikilala na mzigo, asubuhi ina maji.

Nikasema ni mbao. Maji yalipokupwa mashua ikakaa mchangani, nikaijaza ndoo ishirini kwa ndani, nikaizunguka nje napapasa kila ungio kwa kiganja. Hata tone. Siku ya pili imeelea, tumepakia mapipa ya maji ya wageni wa kisiwa cha Misali, nikachomoa mpira kwenye pampu niusafishe. Hamadi, bahari ikaja kama mfereji uliofunguliwa! Nikabaki nimeushika mkononi kama mjinga.

Yule fundi (jina simtaji, mkewe jamaa yetu) alitoboa tundu la kutolea maji chini mno ili apunguze mpira. Mashua ikiwa tupu, tundu liko shibiri moja juu ya maji. Weka mapipa na ile mashine ya pili nyuma, tundu linazama. Pampu inatoa maji, inanyamaza, na mpira ulioshiba unanyonya wenyewe kurudi ndani, kama tunavyonyonya petroli tangini. Ndani ya pampu hakuna mlango wa kuyazuia. Boya linaloiwasha pampu linapanda, pampu inalia tena. Betri ilipochoka, bahari ikaingia bila ya kubisha hodi.

Inanyamaza kidogo, inalia tena. Makame alinipa jawabu lote Alfajiri ile na mimi nikamvua nguo kwa ajili yake.

Utanambia nitie valvu ya njia moja. Sitaki. Uchafu utaikwamisha, na maji yenyewe itayabana. Tundu nimeliziba, nimetoboa jengine tezini, juu, pasipozama hata tanga likiulaza ubavu. Mpira nataka upande mpaka chini ya sitaha, pale juu niutie kitundu cha kuvuta hewa, ndipo ushuke kwenye tundu.

Kwa hiyo, hapo sokoni Darajani nitafutie mpira mita nne, milimita 28 kwa ndani, uwe laini ndani, si wa mikunjo. Waya mita sita, ule ambao shaba yake imepakwa bati. Na klipu nne zisizoshika kutu. Zile ulizoleta mwaka jana zimeshakuwa unga.

Ya pili unaijua. Nasikia Makame yuko kwa dada yake huko Unguja, anapakua mizigo bandarini Malindi. Umemwona? Yu mzima? Ananitaja, au hata jina langu hataki kulisikia? Nimpigie simu, au nije mwenyewe nimwambie mbele za watu kama nilivyomtukana mbele za watu? Dada yake bado amenikasirikia kwa ile habari ya harusi? Mshahara wake wa mwezi ule ninao, haujaguswa. Nikuletee wewe umpe, au atadhani namnunua?

Mpira mpe baharia yeyote anayetujua kwenye boti ya Mkoani. Makame akikubali, mpandishe na yeye. Nauli juu yangu.

Nduguyo,
Salim