Risala ya Wanafunzi Wanaofuatilia Nyuki na Maua, Dar es Salaam

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa idara, wahadhiri wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Pole na foleni ya Barabara ya Morogoro, hatutakuchosha.

Ndugu mgeni rasmi, mtu akisikia tunasoma nyuki huuliza kwanza, "Asali lita bei gani?" Hatumlaumu. Nchini kwetu nyuki ni asali na nta, Tabora ikitajwa mbele. Sisi tunafuatilia kazi yake nyingine, ya kubeba chavua, ule unga wa ua unaowezesha tunda kutunga.

Msimu wa mvua tulishinda kwenye bustani za bonde la Msimbazi tukihesabu nyuki kwenye maua ya maboga. (Siku ya kwanza mlinzi alitudhania wezi wa mboga.) Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda limeshajifunga. La kike na la kiume ni mbalimbali, hivyo nyuki asipopita asubuhi ileile, kitoto cha boga hugeuka njano na kudondoka. Mkulima mmoja, akiona vinadondoka, alikuwa anaongeza mbolea. Jirani yake alikuwa anapuliza sumu saa mbili asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wamo ndani.

Nyanya nayo ina kisa chake. Chavua yake imefichwa ndani ya mrija, hutoka vizuri ikitikiswa. Nyuki wa asali hana ujuzi huo. Anao yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za paa, ambaye nyumbani tunamfukuza kwa fagio.

Mwaka 1973 mtafiti wa nyuki, Karl von Frisch, alipewa Tuzo ya Nobel, akiwa ameonyesha kwamba nyuki huchezea wenzake ngoma ya kuwaelekeza maua yalipo. Nyuki wa Kariakoo, kati ya maghorofa, anawaelekeza wapi? Hilo ni swali la shahada ya uzamili, na wenzetu wanne wako tayari kulifanyia kazi.

Kikwazo chetu kikubwa ni kalenda. Mwenzetu aliyetaka kuchunguza mikorosho ya Mkuranga alipata fedha maua yameshakuwa korosho, akasubiri mwaka mzima. Tunaomba utusemee kwa wafadhili fedha zitoke kabla ya msimu wa kuchanua, hata zikiwa kidogo. Tunaomba pia hadubini mbili na mzinga wenye ukuta wa kioo. Fundi wa kuuchonga tunaye. Kioo ndicho kilichotushinda bei.

Tunaomba kuwasilisha.