Babu hakuwa askari wa Uskoti: barua kwa mtoto wa shangazi yangu

Dada yangu, shikamoo.

Najua ungependa tuyamalizie haya kwenye kundi la familia la WhatsApp, lakini huko kila nikianza kuandika mtu hutuma maua ya Ijumaa Karimu na maneno yangu yanazama. Naandika hapa, na wanaokuunga mkono wasome pia.

Uliiingiza picha ya babu kwenye programu ya simu, ikampaka sketi nyekundu, kisha ukaandika chini yake: "Babu, askari wa Uskoti, Vita vya Kwanza." Wajomba wakaitikia kwa fahari. Mimi nikaichukua picha yenyewe, ile isiyopakwa kitu, nikakaa nayo usiku mzima.

Hiyo rangi isahau. Filamu nyingi za enzi zile ziliiona nyekundu kama giza na buluu kama weupe, kwa hiyo simu yako imebahatisha tu.

Tazama sketi yenyewe. Kilti ya jeshi, ile sketi ya askari wa Kiskoti, haina marinda mbele. Mbele ni vipande viwili bapa vinavyopandana, marinda yote yamerundikwa nyuma, na kitambaa ni sufu nzito inayomeza yadi kadhaa. Ya babu ina marinda mzunguko mzima, kama sare ya wasichana wa shule, na upindo wake umepeperushwa na upepo kama kitambaa chepesi cha drafti. Hiyo ni kazi ya fundi cherehani wa mtaani, tena fundi aliyemwona Mskoti akipita zake na kumtazama kwa nyuma tu.

Shuka kwenye ule mkoba wa manyoya unaoning'inia mbele ya kiuno. Kila kikosi cha Waskoti kilikuwa na wake, na wanaozijua sare huhesabu vishada. Argyll and Sutherland Highlanders walivaa sita vifupi, Black Watch vitano vyeusi, Gordon Highlanders viwili virefu. Babu ana vitatu, kimoja kifupi kuliko vingine. Kuhusu manyoya yenyewe hakuna wa kumcheka, maana hata Waskoti walitumia ya mbuzi. Ila nikiyatazama naona wazi kwamba ni ndevu za beberu, na sidhani kama babu, mtu wa mafumbo vile, hakujua alichokuwa amekivaa kiunoni.

Kofia ndiyo iliyokudanganya, nakubali. Ni ile iliyokunjwa kama mashua, yenye tepe mbili kisogoni, na imeshonwa vizuri kweli. Lakini mahali pa beji pana nyota ya bati. Na mabegani ana mapambo ya jenerali, ilhali mikononi ana tepe za sajini. Jeshi gani hilo, dada?

Mjomba alisema huenda alikuwa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Miguu mitupu haitusaidii hapo, kwani askari wengi wa KAR nao walikwenda bila viatu. Lakini tangu kikosi hicho kiundwe 1902, askari wake tunawajua kwa kaki na tarbushi. Kilti hawakuvaa. Na wale Black Watch waliokuja Kenya wakati wa Mau Mau walifika 1953, babu akiwa kaburini mwaka wa pili.

Sasa nikwambie ninachokiona. Naona mtu wa beni. Ngoma hiyo ilizuka pwani yetu miaka ya 1890: matarumbeta, ngoma kubwa, gwaride la mtaa kwa mtaa, na vyama vyenye wafalme, majenerali na madaktari wao. Tanganyika walikuwa na Marini na Arinoti. Mombasa palikuwa na Kingi, na palikuwa na Skochi, waliojiita kwa jina la Waskoti hao hao. Waskoti hawakuwa wageni Mombasa. Hata kampuni ya Waingereza ya IBEA (Imperial British East Africa), iliyopewa hati ya kifalme 1888, mwanzilishi wake alikuwa Mskoti, William Mackinnon. Vyama vilishindana kwa sare, kwa karamu na kwa nyimbo za kutukanana, hadi watu wakaingia madeni kwa ajili ya ngoma. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya Mombasa. Ile fimbo ndefu yenye kirungu aliyoikumbatia si silaha, ni ya kuongozea bendi.

Najua neno "mcheza ngoma" litawauma wajomba. Mimi naona askari alipewa nguo na serikali akaambiwa vaa. Babu alizitafuta mwenyewe, akalipa fundi, akajipa ujenerali na usajini kwa siku moja.

Nina ombi. Shangazi huimba kale kawimbo ka "Kingi wamekopa suruali" akiosha vyombo, na sote tumekadhania ka utotoni. Ukienda Jumapili mrekodi, mwanzo hadi mwisho, usimkatize hata akifika kwenye matusi. Kisha muulize nani alimfundisha.

Na yule fundi wa fremu mpigie leo, mwambie asichonge yale maneno.

Mdogo wako.