Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka Huu: Pedi Ziendane na Mikono ya Wateja

Ndugu wanachama wenye vibanda vya gemu wa Kirumba, Mabatini, Buzuruga na Igoma, nanyi mliovuka maji kutoka Nansio, karibuni.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na ya leseni atayaeleza katibu. Taarifa yangu nimeielekeza kwenye jambo lililorudi kila kikao: pedi, yaani vidhibiti vya mkononi vya kuchezea gemu. Runinga inadumu. Mashine ikifutwa vumbi nayo inadumu. Kinachomaliza mtaji wetu ni pedi, na msimamo wa kamati ni kwamba kosa tunalianzia dukani, tunapouliza bei na rangi bila kujiuliza ni mkono gani utakaoishika.

Pedi ya PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4) ina upana wa sentimita 16.2 hivi na uzito wa gramu 210. Ya PS5 ina upana wa sentimita 16, na ukizipanga mezani utadhani zimelingana. Ukizishika ndipo utajua. Ya PS5 ni nene zaidi: kimo chake ni sentimita 6.6, wakati ya PS4 ni 5.2, na uzito wake unafika gramu 280. Gramu hizo 70 hazimsumbui kijana wa Mwaloni aliyezoea kubeba ndoo za dagaa, ila mtoto wa darasa la nne akicheza saa nzima ataanza kuiegemeza pajani. Kwa hiyo msipime upana peke yake. Angalieni unene wa mashikio na umbali wa kidole kufika R2, kitufe cha nyuma cha upande wa kulia.

Wenye PS3 bado ni wengi kwetu. Pedi yake ina gramu 192, ni nyepesi, na mashikio yake mafupi yanawafaa wadogo. Kasoro yake iko kwenye L2 (mwenzake R2 wa upande wa kushoto) na R2: zimebinukia nje, hivyo kidole chenye jasho kinateleza. Vichwa vya analogi, vile vijiti viwili vya madole gumba, navyo vimevimba kama kifungo, dole gumba halipati pa kutulia. Kwenye PS4 hayo yalirekebishwa. R2 imebonyea kidogo kupokea kidole, na kichwa cha analogi kina ukingo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo pedi inayokubali mikono ya aina nyingi kuliko zote tulizonazo vibandani.

Kabla ya kulipa, jaribuni hivi. Shika pedi kwa vidole vitatu vya mwisho vya kila mkono, weka madole gumba juu ya analogi zote mbili na vidole vya shahada juu ya L2 na R2. Zungusha analogi ya kushoto duara kamili huku umebonyeza R2 mpaka mwisho. Kiganja kikiachia shikio, pedi ni kubwa kwa mkono huo. Ncha za vidole vya nyuma zikikunjana na kugusa kiganja, ni ndogo. Kisha hamisha kidole kutoka R2 kwenda R1, kitufe kilicho juu yake, mara kumi mfululizo. Ukilazimika kuigeuza pedi ili kufika, mteja naye atalazimika, na mkono unaogeuza pedi kila mara huishia kukandamiza analogi kwa ubavu.

Aina ya gemu nayo inahusika. Kwa gemu za mpira, kwenye PES mbio ziko R1, kwenye FIFA ziko R2, isipokuwa mteja amebadilisha. Anayecheza FIFA anaishikilia R2 karibu mechi nzima, ndiyo maana pedi za FIFA hulegea springi ya R2 upesi. Springi hiyo hubadilishwa bila kuchomea kitu. Wenye PS5, ingieni kwenye mipangilio, upande wa vifaa vya nyongeza, mpunguze au mzime ukinzani wa L2 na R2. Vidole vya watoto vitapumzika, na mota zilizo ndani ya vitufe hivyo nazo zitapumzika. Mtetemo mkiuzima, betri itakaa zaidi.

Sasa analogi, maana hapa ndipo malalamiko yote yanapoishia: mchezaji wa kwenye runinga anatembea mwenyewe wakati hakuna aliyegusa pedi. Ndani ya analogi ya kawaida kuna njia ya kaboni na kidole chembamba cha chuma kinachosugua juu yake. Msuguano ukiila kaboni, au uchafu ukiingia, mashine inasoma kwamba kijiti kimesukumwa. Vumbi la kiangazi, mafuta ya samaki vidoleni, soda, na wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, vyote vinaingilia palepale shingoni mwa kijiti. Zima pedi, inamisha kijiti, dondoshea matone mawili ya spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, zungusha, acha ikauke kabisa. Msitie mafuta ya cherehani, yanakusanya vumbi. Vitakasa mikono vya jeli pia haviingii humo. Ikipona kisha ikarudia ugonjwa uleule, kaboni imelika, na dawa ni kubadilisha analogi yenyewe. Ina miguu 14 iliyochomewa kwenye bodi, na asiye na mkono mtulivu ataunguza njia za shaba. Hiyo ni kazi ya fundi. Zipo analogi zinazotumia sumaku, hazisuguani kwa ndani. Ni ghali zaidi, na baada ya kuzifunga lazima zisawazishwe kwa kompyuta, la sivyo katikati yake inakaa upande.

Vile vifuniko vya silikoni vya kuvisha analogi vinampa mteja mshiko mzuri, lakini vinarefusha kijiti. Dole gumba fupi linapata shida zaidi, na kijiti kirefu kinasukuma kiungo cha chini kwa nguvu kubwa. Vaeni vile vyembamba tu.

Tundu la chaji ni tofauti kubwa ya matengenezo. Kwenye PS4 liko kwenye bodi ndogo ya peke yake iliyounganishwa kwa waya bapa: skrubu nne za nyuma, fungua kuanzia mashikioni, chomoa waya bapa taratibu, kisha badilisha bodi hiyo. Hesabu njia za waya huo kabla ya kununua, kwa sababu matoleo hayafanani. Kwenye PS5 tundu limechomewa kwenye bodi kuu. Mteja akijikwaa kwenye waya na tundu likavunjika, gharama ni nyingine kabisa.

Wapo walionunua pedi za PS4 wakitegemea zitacheza gemu za PS5. Hazichezi, kwenye PS5 zinakubali gemu za PS4 tu. Wenye watoto wengi, mashine ya PS4 msiiuze bado.

Pedi za Xbox, mashine ya kampuni nyingine, kwetu ni chache, ila historia yake inafundisha. Pedi yake ya kwanza, ya 2001, ilikuwa kubwa mno. Japani ilipelekwa iliyo ndogo mwaka 2002, na hiyo ndogo ndiyo ikaja kuwa ya kila mahali. Ya 2020 ilipunguzwa tena kidogo kwa ajili ya mikono midogo.

Kuhusu pedi za kuiga, beba mizani ndogo. Inayojiita ya PS4 ikiwa chini sana ya gramu 210, uliza maswali. Washa mtetemo: mota ya kushoto iwe nzito, ya kulia nyepesi. Bonyeza ubao wa kugusa, uitikie kwa mlio mmoja safi.

Oda ya pamoja ya vipuri inafuata. Kila mwanachama aandike aina ya mashine, idadi ya njia za waya bapa wa pedi zake, na kama wateja wake wengi ni watoto au watu wazima. Mnaoleta pedi kwa fundi, zifutwe kwanza, zifungwe kila moja kwenye mfuko wake, na karatasi iseme kitufe gani kinasumbua na kwenye gemu gani.