Kaka, hongo haina stakabadhi

Kwako kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na natumaini nyote hapo nyumbani hamjambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema kwamba kibali cha kupanua karakana hakitatoka bila ofisa kupewa kitu kidogo, na kwamba hongo ni grisi tu ya kulainisha mambo. Sikulaumu, kaka, kwa kuwa najua jinsi ulivyobanwa. Ila hoja hiyo siikubali.

Hoja yenyewe ni ya zamani, na hata wasomi kama Nathaniel Leff waliitetea tangu mwaka 1964. Ingesimama iwapo foleni ya wanaosubiri vibali ingekuwa na urefu wake wa kudumu, lakini ofisa anayeishi kwa hongo ndiye anayeirefusha. Mwaka 1999 Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei, baada ya kulinganisha majibu ya kampuni za nchi nyingi, walikuta kwamba waliotoa hongo zaidi ndio waliopoteza muda mwingi zaidi wakizungumza na maofisa.

Mimi hushinda na vitabu vya hesabu, kwa hiyo jambo hili naliona kwa jicho la karani. Kodi ina kiwango, ina tarehe, ina stakabadhi, na ukitozwa kupita kiasi unaweza kukata rufaa. Hongo hufichwa kwenye mstari wa "matumizi mengineyo". Benki ikiuliza fedha hizo zilinunua nini, mwenye karakana hana la kujibu, na mkopo unakwama hapo hapo. Ofisa naye akihamishwa, mapatano yote huondoka naye, na anayekuja huanza na bei yake. Raymond Fisman na Jakob Svensson walipopima kampuni za Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliona kwamba hongo ilihusiana na kudumaa kwa ukuaji kwa takribani mara tatu kuliko kodi ya kiwango hicho hicho.

Linaloniuma zaidi ni lile lisiloonekana katika takwimu. Mtu akishajua kwamba kukua kunamvutia mkono wa ofisa, hujifunza kubaki mdogo: hatundiki kibao mlangoni, haandikishi wafanyakazi wote, na hununua mashine nyepesi ya kuhamishika badala ya ile kubwa ya kufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Ajira ambazo mashine ile kubwa ingezaa hazihesabiwi na yeyote, kwa kuwa hazikuwahi kuwapo.

Nakuomba, kabla hujatoa chochote, upeleke ombi lako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe, na uwatafute wenye karakana wengine waliokwama kama wewe ili mwandike barua moja kwa mkuu wa ofisi hiyo. Nakala yako nitumie, nami nitakusaidia kuiandaa hiyo barua.

Wasalimie wote.

Ni mimi mdogo wako