Michael Bay na nyumba za mabati

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliwataka vijana wetu wanaojifunza kutengeneza filamu wamfuate Michael Bay, kwa hoja kwamba mwongozaji huyo wa filamu wa Marekani anajua watazamaji wanataka nini. Nimeisoma mara mbili. Sikubaliani nayo, na naomba nafasi nieleze.

Nilizijua kazi za Bay kabla sijalijua jina lake, kwenye kibanda umiza kimoja pale Tandale, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi na joto la kufa. Filamu ilikuwa Bad Boys II, ya mwaka 2003. Kuelekea mwisho, mastelingi wawili, Will Smith na Martin Lawrence, wanatoroka nchini Kuba wakiwa ndani ya Hummer ya njano. Wanashuka nayo mlimani katikati ya mtaa wa vibanda vya mbao na mabati. Hawapiti kando ya nyumba, wanapita ndani yake. Kuta zinaanguka, mabati yanaruka, kibanda kimoja baada ya kingine mpaka chini. Sisi tulishangilia. Mimi nilishangilia kwa nguvu, nikiwa nimeegemea ukuta wa mabati yale yale.

Desemba 2015 bomoabomoa ilipita bonde la Msimbazi. Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa na alama nyekundu ya X. Alichowahi kutoa ni godoro, jiko la mkaa na milango miwili aliyoing'oa mwenyewe kwa nyundo. Sitaki kufungua hapa mjadala wa nani alikuwa na haki ya kujenga bondeni, hiyo ni barua nyingine. Ninachosema ni kwamba baada ya siku ile niliitazama tena filamu ya Bay na sikuweza kuivumilia. Nilitafuta wenye nyumba. Watu wapo, wanakimbia, lakini kamera haimsubiri hata mmoja. Gari likishapita, mtaa ule umekwisha kazi yake, nasi tumeshapelekwa kwenye mlipuko mwingine.

Najua mteremko wa namna hiyo Jackie Chan aliufanya Hong Kong mwaka 1985 katika Police Story, na huko pia vibanda vilivunjwa. Sitetei hilo. Angalau Jackie aliuweka mwili wake mwenyewe hatarini, na ukimtazama unajua kitu kigumu kikimpiga mtu kinaumiza. Kwa Bay hakuna kinachouma. Katika filamu hiyo hiyo maiti zinadondoka kutoka kwenye gari wakati wa kufukuzana, zinakanyagwa na magari, nasi tunatakiwa kucheka. Sisi tunaoosha maiti zetu kwa mikono yetu na kukesha nazo, tucheke nini hapo?

Mwandishi wenu anauita mtindo huu "wa kibiashara", kana kwamba biashara ndiyo inayomlazimisha mtu kuwa hivyo. Si kweli, na ushahidi ni Bay mwenyewe. Alianzia kwenye matangazo na video za muziki. Mwaka 1993 alitengeneza tangazo la maziwa la huko Marekani, la kama dakika moja. Mtu anayeipenda sana historia ya Aaron Burr, mwanasiasa wa zamani wa Marekani aliyemuua mwenzake Alexander Hamilton kwa risasi, amekaa peke yake katika chumba kilichojaa kumbukumbu zake. Redio inampigia simu na kumuuliza nani alimpiga risasi Alexander Hamilton, zawadi dola 10,000. Jibu analo, lakini mdomo umejaa mkate na siagi ya karanga, na pakiti ya maziwa ni tupu. Basi. Unamhurumia, unacheka, unataka maziwa. Mtu aliyefanya hivyo anajua kusimulia. Hata filamu yake The Rock ya 1996 ina mahali ambapo waigizaji wanaachwa waigize, na nitaitazama tena nikiipata.

Kwa hiyo simuoni Bay kama mtu asiye na kipaji. Namuona kama mtu aliyeamua kutokitumia. Tangazo la 1993 lilikuwa hadithi inayouza maziwa, filamu za baadaye zikawa bidhaa zinazoazima hadithi. Katika Transformers ya 2007, filamu ya roboti wanaojigeuza magari, roboti Bumblebee, aliyekuwa Volkswagen Beetle tangu enzi za midoli ya watoto, aligeuzwa Chevrolet Camaro, na roboti wazuri wenzake wengi nao wakawa magari ya General Motors, kampuni yenye Chevrolet. Katika Transformers: Age of Extinction ya 2014, katikati ya uharibifu wa jiji la Chicago, Mark Wahlberg anapata nafasi ya kufungua chupa ya Bud Light na kunywa. Bia imepewa utulivu ambao wenye vibanda vya Kuba hawakupewa.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1, na makala yenu iliitumia hesabu hiyo kama jibu la mwisho. Fedha zinathibitisha kwamba watu waliingia ukumbini. Na sisi Tandale tuliingia. Hazisemi tulitendewaje tulipokuwa ndani.

Kuna jambo jingine ambalo makala ililipita haraka mno. Katika filamu ya pili ya Transformers, ya 2009, kuna roboti wawili mapacha, Skids na Mudflap. Wanaongea kwa lafudhi na misimu ya vijana weusi wa Marekani, mmoja ana jino la dhahabu, na wanakiri kwamba hawajui kusoma. Bay alipoulizwa alijitetea kwamba wale ni roboti na mambo yenyewe ni ya kufurahisha tu. Nawauliza wahariri wenzako: anafurahishwa nani?

Na hiyo ndiyo sura yake kwa umma, ya mtu mkubwa wa milipuko asiyehitaji kujieleza. Aliiuza mwenyewe: mwaka 2008 alitokea kwenye tangazo la intaneti ya Verizon akijiigiza yeye mwenyewe huku vitu vikilipuka. Januari 2014 huko Las Vegas alisimama jukwaani kuinadi televisheni ya Samsung, mashine ya kusomea maneno ikaharibika, akashindwa kuendelea, akaondoka. Wengi walimcheka. Mimi sikumcheka, kusimama mbele ya watu ni kugumu. Lakini aliulizwa swali rahisi kuhusu kazi yake, na bila maandishi hakuwa na neno.

Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa na anapiga video kwa simu. Ameshajifunza kuinamisha simu chini na kumzunguka rafiki yake akiinuka, jua likiwa nyuma, kama Bay kabisa. Baada ya makala yenu nimemuomba ampige shangazi, yule yule wa Msimbazi, akikaanga maandazi kwenye jiko lile, dakika moja bila kukata. Alijaribu Jumapili. Sekunde ya ishirini shangazi aliacha kumtazama yeye akaanza kuitazama kazi yake, na kijana akazima simu. Anarudi kesho asubuhi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam