Mafundi simu, someni hii kabla hamjafungua meza kesho

Wakuu habari za jioni. Juzi nimepita kwa mwenzetu mmoja nikakuta kibanda kimefungwa pande zote sababu ya vumbi, thina iko kwenye chupa ya soda imetobolewa kifuniko, anafuta bodi huku waya wa lehemu kaubana na meno. Roho iliniuma jamani, maana ule waya wetu mwingi una madini ya risasi, na risasi ukishaila haitoki leo wala kesho.

Mnakumbuka niliwahi kugusia kile kiwanda cha Wintek kule Suzhou, China? Mwaka 2009 wafanyakazi walikuwa wanafutia vioo vya simu heksani (kimiminika cha kusafishia ambacho mvuke wake ni sumu) badala ya spiriti, eti kwa vile inakauka haraka kazi inaenda, hewa ndani haizunguki, basi wakaanza ganzi vidoleni, miguu inakosa nguvu, wengine hata kutembea shida. Watu 137 waliumia, mishipa ya fahamu ndiyo iliyoliwa. Na heksani inapatikana hata kwenye baadhi ya thina na gundi, kwa hiyo msione ni mambo ya Wachina tu.

Naomba tufuteni na spiriti, tufungue dirisha, feni ivute moshi kwenda nje isikupulizie usoni, na mikono tunawe na sabuni kabla ya kugusa chapati. Mwenye ganzi ya vidole isiyoisha aje inbox leo leo, tutaenda naye hospitali.

Jumamosi saa kumi pale pale kijiweni, kila mtu aje na chupa anayotumia tusome lebo pamoja.